Miaka Sita, Gradua Mbili

Nilimaliza gradua ya kilimo Butembo, mashariki ya Kongo, mwaka ule ndege zilipoacha kutuletea maprofesa. Kabla ya hapo chuo chetu kiliishi kwa maprofesa wa kupita. Mtu anatoka Kinshasa au Kisangani, anafundisha somo la mwaka mzima kwa wiki mbili, anasahihisha mitihani kwa haraka na kurudi alikotoka. Vita vya pili vilipoikata nchi, Kinshasa ilibaki upande wake, sisi tukabaki upande wa waasi na askari wa Uganda, na maprofesa hawakuweza tena kuvuka. Gradua iliendelea kwa sababu walimu wake walikuwa watu wa papa hapa. Lisansi ikafa.

Kwetu wakati ule masomo ya chuo yalikuwa na ngazi mbili: miaka mitatu ya gradua, halafu miaka miwili ya lisansi. Mwenye gradua peke yake alikuwa kama mtu aliyesimamisha kuta akakosa bati. Watu wanaona umejitahidi, lakini hakuna anayekuja kulala kwako.

Nilikuwa wa pili darasani. Kazi yangu ya mwisho niliiandika juu ya ugonjwa uliokuwa unakausha kahawa upande wa Beni. Niliona mashamba ambayo mwaka mmoja yalikuwa mazito kwa matunda, na mwaka uliofuata yamesimama kama kuni. Wenye mashamba waliniuliza dawa. Sikuwa na dawa, nilikuwa na maelezo tu, na nilifikiri nikiendelea kusoma nitafika mahali penye dawa.

Aliyenisukuma kuvuka mpaka ni shefu wa seksio yetu ya kilimo, yaani mkuu wa idara. Alikuwa mzaliwa wa Luofu, shemasi katika kanisa lake la Kiprotestanti, mtu mwembamba wa maneno machache. Alifundisha udongo. Alikuwa anatuchimbisha mashimo yanayofika kifuani, kisha anatushusha humo ndani tuguse tabaka kwa vidole, na yeye anabaki juu, ameinama, anauliza kila mmoja anahisi nini. Watoto wa wafanyabiashara walilalamika juu ya viatu vyao. Mimi nilipenda. Mama yangu alikuwa analeta maharagi na viazi kutoka Lubero na kuviuza Butembo, na sikuwahi kufikiri kwamba udongo uliokuwa chini ya kucha zake ulikuwa na jina.

Siku niliyokwenda kumuaga, shefu alikuwa peke yake ofisini. Alinieleza kwamba upande wa pili, Uganda, kuna chuo kikubwa cha kilimo na kwamba kahawa yao nayo inakauka.

“Vuka, mutoto yangu,” akasema. “Kahawa yao inakufa na ugonjwa ile ile. Hawawezi kukosa kukupokea.”

Mama hakuelewa. Tuliishi mtaa wa Vulamba, yeye na mimi binti yake, tangu baba alipouawa katika vita vya kwanza na wanajeshi waliokuwa wanakimbia na kupora njiani. Jirani walikuwa wamekuja kula kuku wa kusherehekea kumaliza kwangu, padri alikuwa amenitaja kanisani, na sasa namwambia sijamaliza.  Baada ya siku kadhaa akaanza kunifungia unga na maharagi kama mtu anayejiandaa kwa msiba, bila kuniuliza kitu. Asubuhi ya kuondoka alinifanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akasema tu, “Wasingya.” Ni asante kwa Kinande. Mpaka leo sijui alikuwa ananishukuru kwa nini.

Nilipanda lori lililobeba magome ya kinkina, mti wa dawa ya malaria, kwenda Kasindi mpakani. Kuanzia Beni barabara ile ilikuwa na vizuizi vya kila aina ya mwenye bunduki, na kila kizuizi kilikuwa na serikali yake. Kwenye kimoja walitushusha wote na kutuweka chini kwenye majani wakati wa jua kali. Mwanamke aliyekaa karibu nami alianza kusali rozari kwa sauti ya chini, nami nikamfuata. Walimchukua kijana mmoja mwenye nywele fupi sana, wakisema ni askari wa kundi lingine. Alikuwa analia kwamba ni seremala. Lori liliondoka bila yeye. Tulipovuka daraja la Semuliki hakuna aliyemtaja, na mimi pia sikumtaja.

Chuoni Kampala nilipokelewa na mama mmoja wa ofisi ya usajili. Alikuwa mpole. Alinipa kiti, akatafuta mwanafunzi anayejua Kiswahili ili atutafsirie, kwa sababu Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha salamu tu. Nilitandaza karatasi zangu mbele yake, diploma ya Leta, ile tunayoipata mwisho wa sekondari, na gradua pamoja na alama zangu zote.

Aliangalia kwa muda mrefu. Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya sekondari. Kwao sekondari imekatwa vipande viwili, na kila kipande kina mtihani wake wa taifa. Sisi tuna miaka sita na mtihani mmoja. Aliuliza uko wapi mtihani wa kipande cha kwanza. Nikamwambia haupo. Akauliza, kama haupo, nani alithibitisha kwamba ninastahili kuingia kipande cha pili? Kijana yule mwanafunzi alinitafsiria swali hilo mara mbili, na mara zote mbili nililielewa, ila halikuwa na jibu.

Halafu akafika kwenye alama. Nilikuwa na asilimia sitini na moja. Kwetu kuvuka sitini ni jambo la kusimuliwa. Profesa wetu wa kemia alizoea kusema ishirini juu ya ishirini ni ya Mungu, kumi na saba ni ya profesa, na mwanafunzi ashukuru kumi. Mama yule hakuyajua hayo. Alimuuliza kijana kitu kwa upole, na kijana akasita kabla ya kunitafsiria.

“Anauliza kama uliugua mwaka ule.”

Kamati ilikaa. Jibu lilitoka baada ya majuma niliyolala kwenye sakafu ya dada mmoja wa Butembo aliyekuwa anashona nguo mjini. Waliamua kwamba gradua haina mfano wake kwao, kwamba saa za masomo tulizohesabu sisi hazina uhusiano na vipimo wanavyohesabu wao, na kwamba kwa huruma wataichukua diploma ya Leta peke yake. Niliruhusiwa kuanza mwaka wa kwanza.

Nilianza. Sikuona njia nyingine. Sikuweza kurudi kwa mama na unga wake.

Juma la kwanza mwalimu aliandika ubaoni: Udongo ni nini? Nilikaa katikati ya watoto niliowazidi miaka mitano na kunakili jibu katika lugha nisiyoijua. Jibu nililijua kwa Kifaransa. Nikinyosha mkono, neno linakuja nusu, wenzangu wanacheka kidogo, si kwa ubaya, nami ninaushusha. Baada ya muda nikaacha kunyosha. Mwaka wa pili walitufundisha ugonjwa wa kahawa. Picha walizotuonyesha zilikuwa za mashamba yaliyo ng’ambo tu ya mlima kutoka yale niliyoyatembea. Baada ya somo nilimfuata mwalimu nikamweleza, kwa Kiingereza changu kilichovunjika, kwamba nilikuwa nimeandika juu ya ugonjwa huu upande wa Beni. Alifurahi, akaomba kuisoma. Nikamletea. Akaifungua, akaona ni Kifaransa, akairudisha kwa heshima akiniambia pole.

Wakati huohuo habari za nyumbani zilikuja kwa wafanyabiashara. Mara Butembo imetulia, mara wanamgambo wa Mai-Mai wameingia, mara Waganda wameupiga mji na watu wamekimbilia mashambani. Kwa miezi sikujua mama yuko wapi. Baadaye nikasikia yuko Lubero kwa dada yake, amelima, ila mguu umevimba. Wanafunzi wenzangu waliniuliza kwa nini Wakongomani tunapenda vita. Mmoja wao alikuwa na kaka aliyekuwa askari huko kwetu, Beni. Aliniambia kaka yake anapasifia sana, anasema ni pazuri na hakuna baridi. Kaka yake alivuka mpaka ule ule niliouvuka mimi, na kwetu hakuna aliyemuuliza mtihani wa kipande cha kwanza.

Nilimaliza mwaka wa tatu na kupata shahada yao, kwa alama nzuri. Mwalimu wa kahawa alitaka niendelee. Lakini mguu wa mama ulikuwa umeoza, na mtoto wake ni mimi tu. Nikarudi.

Beni ndiko serikali ya waasi ilikokaa, na ndiko ofisi yao ya elimu ilikokuwa, katika nyumba ya zamani ya mfanyabiashara wa kahawa. Nilipitia hapo kabla hata ya kufika kwa mama, kwa sababu niliogopa nikifika nyumbani sitapata tena nguvu ya kutoka. Nilimkuta baba mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, mezani hakuna kitu isipokuwa mihuri. Nilimweleza safari yangu yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Ulisoma myaka ngapi kule, mama?”

“Tatu, papa.”

“Basi ile ni gradua. Myaka tatu ni gradua.”

“Mais gradua niko nayo. Nilipata ya hapa, mbele ya kuenda.”

Aliniangalia, na niliona kwamba hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anatafuta kweli.

“Donc sasa,” akasema polepole, “uko nayo mbili.”

Aliendelea kunieleza kwamba hata hiyo ya pili hana uwezo wa kuipa thamani. Kazi ya kulinganisha diploma za nje na za kwetu inafanyika Kinshasa peke yake. Nikamuuliza Kinshasa inafikiwaje. Akanyosha mkono kuelekea magharibi, kwenye msitu, kule mstari wa vita ulikokuwa, akaushusha. Akaniuliza kama nimekula.

Sikulia pale. Nililia kwenye barabara ya Butembo, juu ya magunia, na wenzangu wa safari walifikiri nimefiwa, wakanipa pole. Nikazipokea.

Mama alikuwa amerudi Vulamba, amepona nusu. Mguu haukukatwa, lakini kutembea kukaisha, na biashara ya maharagi ikaisha nayo. Nilipomwambia nimerudi na shahada, alitaka tuite jirani. Nikamwomba tusubiri kidogo.

Ni shefu wa seksio aliyenitoa nyumbani. Alikuja mwenyewe Vulamba, akakaa kwenye kiti kidogo karibu na mama, akaniuliza yote. Nilipofika kwenye maneno ya papa wa Beni, alitikisa kichwa muda mrefu. Nadhani alijiona ana sehemu yake katika yaliyonipata, ingawa hakusema hivyo. Alisema kuna mkutano unaandaliwa Beni. Walimu wa vyuo vya huku na wachache wa kutoka ng’ambo ya mpaka watakaa pamoja, waone namna ya kuyasomesha masomo yaelewane pande zote mbili. Alihitaji mtu wa kutafsiri.

Nilikaa katikati ya meza ile ndefu, wetu upande mmoja, wageni watatu upande mwingine, na kwa siku zote za mkutano kila neno lilipitia mdomoni mwangu. Sijawahi kuchoka vile. Wetu walisema: mwanafunzi wetu anakaa darasani saa nyingi kuliko wenu. Wageni wakasema: saa za kukaa si kitu, tuonyesheni alichosoma peke yake nje ya darasa. Wetu hawakuwa na namna ya kuonyesha, kwa sababu kwetu kusoma nje ya darasa hakuhesabiwi, ni jambo lako wewe na taa yako usiku. Wageni walitaka alama zetu zipandishwe ili zifanane na zao. Mzee mmoja wa upande wetu, mwalimu wa hesabu, alikataa kabisa. Alisema hatauza sitini yake kama themanini. Nilipotafsiri hilo wageni walicheka, mzee akaona wanamcheka yeye, akatoka nje. Ilinibidi nimfuate uani nimweleze, akiwa amenipa mgongo, anaangalia milima.

Shefu peke yake hakukasirika. Alikuwa na karatasi kubwa ameichora safu kwa safu, somo la huku na somo la kule, udongo na udongo, mimea na mimea, na palipokosekana kitu ameandika ni miezi mingapi mwanafunzi angehitaji kujazia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka, bila kuombwa na mtu. Jioni ya mwisho walikubaliana. Gradua yetu ingehesabiwa huko kama miaka miwili, si sifuri. Shahada yao pamoja na mwaka mmoja wa kujazia kwetu ingekuwa lisansi. Mtu wa serikali ya waasi akatia sahihi. Tukala mbuzi. Shefu akanivuta kando na kuniambia mwaka wa kujazia utafunguliwa Butembo, na mimi nitakuwa wa kwanza.

Niliamini. Nilimruhusu mama aite jirani.

Wiki chache baadaye mapigano yalianza upande wa kaskazini, Beni ikajaa wakimbizi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza juu ya masomo. Halafu ikaja amani, ile ya kugawana vyeo. Nchi ikaunganishwa tena. Tulishangilia, kengele za makanisa zikapigwa, ndege kutoka Kinshasa zikaanza kushuka. Katika mojawapo alikuja mjumbe wa wizara, kijana mwenye adabu, kukagua vyuo vyetu. Shefu alimpa makubaliano ya Beni. Mjumbe akasoma sahihi ya chini, akauliza huyu ni nani. Akaambiwa. Akarudisha karatasi.

Alisema serikali haiwezi kutambua mkataba uliotiwa sahihi na watu waliokuwa wanapigana nayo. Hata miaka yetu ya vita itabidi ichunguzwe upya, mmoja mmoja, kabla ya kujua kama wanafunzi wa wakati huo walisoma kweli. Kwa hiyo gradua yangu ya kwanza, ambayo kule ng’ambo haikuwa kitu, sasa na hapa ikawekwa kwenye shaka.

Shefu alikwenda Kinshasa mwenyewe na ile karatasi yake kubwa imekunjwa kifuani. Alikaa huko zaidi ya alivyotarajia, akihama ofisi hadi ofisi. Aliporudi nilikwenda kumsalimia. Alinisimulia kwa ufupi kwamba mwishowe alipokelewa na mkurugenzi, na mkurugenzi akamwambia asijisumbue, kwa kuwa kuna mfumo mpya unakuja kutoka Ulaya ambao utafuta gradua na lisansi zote mbili, na ukifika kila mtu atalinganishwa upya.

“Utafika lini?” nikamuuliza.

“Hawajui.”

Mkewe alileta chai. Shefu alikunywa, akaanza kuongea juu ya mvua iliyochelewa. Kuanzia siku hiyo sikumsikia tena akitaja mambo yale. Alifundisha, aliwachimbisha wanafunzi mashimo, lakini hakuinama tena juu ya ukingo kuuliza wanahisi nini. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma.

Msimu uliofuata zilikuja habari kwamba wenye silaha wanachoma nyumba huko Luofu. Mama mzazi wa shefu alikuwa bado huko. Shefu alipanda pikipiki asubuhi ya Jumatatu kwenda kumchukua. Mama yake alifika Lubero kwa miguu, pamoja na majirani, siku chache baadaye. Yeye hakuonekana, wala pikipiki, wala mwendeshaji. Mkewe alisubiri, kanisa likasubiri naye. Walisali bila jeneza mara moja, halafu mara ya pili. Kuna watu waliosema amechukuliwa msituni kubeba mizigo na atarudi. Hakurudi.

Somo la udongo likakosa mwalimu. Chuo kikanipa mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Ila sheria hairuhusu mwenye gradua kufundisha chuoni, awe nayo moja au mbili. Kwa hiyo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani somo lina jina la profesa mmoja anayekaa mji mwingine. Anakuja mara moja kwa mwaka, anatia sahihi alama nilizozitoa, ananiuliza hali ya mama, anaondoka. Ni mtu mwema. Mfumo wa Ulaya bado haujafika.

Wanafunzi wanajua. Juzi tulikuwa nje, nyuma ya chuo, mvua imetoka kukatika, na msichana mmoja alikuwa chini shimoni, tope limempaka mpaka viwikoni. Dada yake mkubwa anaishi Kampala na anataka amfuate. Aliinua uso, akaniuliza kama haya tunayoyafanya yatahesabiwa kule.

Nilimwambia sijui. Kisha nikamwambia aendelee kuchimba, kwa sababu tabaka la pili lilikuwa bado halijaonekana.